Huyu Mgonjwa Umnyime Ipi? Kusoma Famakolojia kwa Mtihani wa Leseni

Mara ya kwanza nilipokalia mtihani wa leseni ya udaktari nilikuwa na madaftari manne ya famakolojia, somo la dawa na zinavyofanya kazi mwilini, yamepakwa rangi za kila namna kama doti za kanga dukani. Nilikuwa nimepiga msuli miezi mitatu. Nikaanguka.

Kuna swali moja halijanitoka kichwani hadi leo. Mama wa miaka 34, mimba ya miezi saba, presha 160 kwa 105, ana pumu tangu utotoni. Majibu manne: enalaprili, losatani, labetaloli, nifedipini. Nikatia alama labetaloli bila kusita, maana daftari langu lilisema hivyo kwa wino wa waridi: "presha ya mjamzito, labetaloli". Neno pumu nililiona, nikalipita. Labetaloli hufunga vipokezi vya beta (milango ya seli inayopokea amri ya adrenalini), na mwenye pumu anavihitaji vipokezi hivyo ili njia zake za hewa zibaki wazi. Enalaprili na losatani zinaharibu figo za mtoto aliye tumboni. Iliyobaki ni nifedipini.

Dawa zote nne nilijua zinatibu nini. Nilichoulizwa ni huyu mama nimnyime zipi, na katika madaftari manne hakukuwa na ukurasa hata mmoja uliopangwa kwa swali hilo. Mara ya pili nilisoma kwa kulianza hilo, nikapita. Sasa jioni tunakaa na wadogo zangu watatu wanne barazani kwa bibi yangu, Ngamiani hapa Tanga, na haya ndiyo tunayoyafanya. Tunayapanga kwa wiki kumi. Ukiwa zamu za usiku, weka kumi na mbili.

Hatua ya 1: Fungua mkebe wa dawa wa nyumbani

Kabla hujanunua kitabu kingine, omba mkebe wa dawa wa mzee yeyote wa kwenu. Wa bibi yangu ulikuwa kopo la maziwa ya unga, mfuniko umeingia kutu, ndani vidonge vimechanganyika na sindano za kushonea.

"Shikamoo bibi. Naomba nione dawa zako."

"Marahaba mume wangu. Hizo nyeupe za presha, hizo nyingine za presha vilevile. Hizi za kukojoa, za miguu. Na hizi za magoti nilinunua mwenyewe hapo dukani, nzuri sana."

Nikavipanga juu ya mkeka: amlodipini, losatani, furosemaidi, diklofenaki. Nikamuuliza kipi kilianza. Amlodipini. Miezi miwili baadaye miguu ikavimba, akaongezewa furosemaidi ya kutoa maji. Miguu haikupungua, ila usiku akawa anabanwa na misuli ya mashavu ya miguu. Magoti yakaanza kuuma, akajinunulia diklofenaki.

Mle ndani ya kopo mlikuwa na maswali sita ya mtihani. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, shinikizo likapanda kwenye mishipa myembamba zaidi, maji yakachujuka na kuingia kwenye nyama za mguu. Mwili haukuwa na maji ya ziada, maji yamehama tu. Ndiyo maana furosemaidi haikufua dafu: ilitoa maji yaliyokuwa ndani ya mishipa, na potasiamu ikaondoka nayo. Hilo la kutibu madhara ya dawa kwa dawa nyingine watunga maswali wanalipenda kweli.

Kilichonitia jasho ni diklofenaki. Fikiria chujio la figo kama mpira wa kumwagilia bustani wenye matundu katikati. Ili maji yatoke kwenye matundu lazima kuwe na msukumo, na msukumo unategemea mambo matatu: koki ya kuingizia iwe wazi, upande wa kutokea uwe umebanwa kidogo, na tangini kuwe na maji. Prostaglandini ndizo zinazofungua koki ya kuingizia, na diklofenaki inazuia zisitengenezwe. Angiotensini ndiyo inayobana upande wa kutokea, na losatani inaizuia. Furosemaidi inapunguza maji tangini. Bibi alikuwa anameza zote tatu asubuhi moja, kwa chai ya tangawizi. Tukampeleka kliniki, akapimwa figo, diklofenaki ikasimamishwa na dawa za presha zikapangwa upya na daktari wake. (Usiguse dawa za mtu kwa sababu umesoma wiki mbili. Mpeleke.)

Fanya hivi kwa mikebe mitatu. Kwa kila dawa andika ilianza lini, ilifuatwa na ipi, na kwa nini. Ukimaliza utakuwa umegusa presha, kisukari, maumivu na tumbo, na hutavisahau kwa sababu kila kimoja kina sura ya mtu.

Hatua ya 2: Kadi yenye maswali matano, na uanze na la tatu

Kata karatasi ngumu ukubwa wa kiganja. Mbele jina la dawa. Nyuma: inashika wapi mwilini, mwili unaitikiaje, nani asipewe, inagombana na nani, ikizidi utajuaje na utafanya nini. Jaza la tatu kwanza. Ukijua kwa nini fulani asipewe, mara nyingi la kwanza na la pili utayapata bila kukariri.

Chukua rifampisini, dawa ya TB. Nani asipewe, au apewe kwa tahadhari? Mwanamke anayetegemea vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Anayetumia dolutegraviri ya VVU. Kwa nini wote hao? Kwa sababu rifampisini inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa, na dawa za hao wote zinavunjwa kabla hazijafanya kazi. Sababu moja imezaa majibu matatu. Ongeza namba inayoulizwa: anayetibiwa TB kwa rifampisini, dolutegraviri yake hupandishwa kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mkojo wa rangi ya chungwa nao ni wa kumwambia mgonjwa mapema, la sivyo atarudi mbio akidhani anakojoa damu.

Wenzake rifampisini wa TB wanakaa kwenye kadi zao: isoniazidi na ganzi ya miguu, mpe vitamini B6, pirazinamidi na asidi ya yuriki, ethambutoli na macho kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani.

Usitengeneze kadi 1,000. Mimi nilibaki na 180, na nyingi kati ya hizo ni za makundi, si za dawa moja moja.

Hatua ya 3: Mfumo wa neva unaojiendesha uje kabla ya vingine vyote

Watu wengi wanaanza na dawa za bakteria kwa sababu wamezizoea wodini. Kosa. Anza na neva zinazoendesha moyo, matumbo, mate na mboni bila wewe kuziamuru, kwa sababu nusu ya madhara utakayoulizwa huko mbele (mdomo kukauka, mkojo kuziba, mapigo kushuka, kifua kubana) yanatoka hapa.

Ushike mfumo mzima kwa mgonjwa mmoja. Kijana mkulima wa nyanya kutoka Lushoto amepuliza dawa ya wadudu bila kuziba pua, dawa ya jamii ya oganofosfeti. Analetwa mate yanamtiririka, machozi, jasho, amejiharishia, mboni ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma, misuli inachezacheza. Dawa imezuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, sasa asetilikolini imejaa kila mahali. Orodhesha kila dalili, halafu jiulize inatoka kipokezi kipi cha asetilikolini, maana viko vya aina mbili. Mate, jasho, mboni na kifua ni vya muskarini. Misuli kucheza na kisha kulegea ni vya nikotini.

Atropini inafunga vipokezi vya muskarini tu. Kwa hiyo itakausha kifua lakini haitarudisha nguvu ya misuli, na mtego wa kwanza wa mtihani uko hapo. Mtego wa pili: utajuaje atropini imetosha? Wengi hujibu mboni zikipanuka, au mapigo yakipanda. Kinachoangaliwa hasa ni kifua kikauke, mgonjwa apumue bila kukoroma. Dozi inarudiwa na kuongezwa mara mbili kila dakika chache mpaka hapo. Pralidoksimu, inapopatikana, itolewe mapema, kabla sumu haijagandana na kimeng'enya kiasi cha kutoachia tena.

Mweleze mwenzako mgonjwa huyu kwa mdomo, bila karatasi. Ukikwama kwenye jasho, huujui mfumo bado. (Jasho linakwamisha karibu kila mtu: neva zake ni za upande wa simpathetiki, ule wa kukimbia au kupigana, lakini zinatumia asetilikolini.)

Hatua ya 4: Hesabu mbili tu

Ya kwanza ni nusu uhai. Dawa yenye nusu uhai wa saa 6, ikisimamishwa, hubaki 50 kwa mia baada ya saa 6, 25 baada ya 12, 12.5 baada ya 18, takribani 6 baada ya saa 24. Kupanda nako ni vilevile: kwa dozi zinazofuatana, dawa hufika kiwango chake tulivu baada ya nusu uhai nne mpaka tano, iwe dozi ni kubwa au ndogo.

Ya pili ni dozi ya kuanzia. Kiwango unachotaka kwenye damu, mara ujazo ambao dawa husambaa. Mtu wa kilo 60, dawa inayosambaa lita 0.5 kwa kilo: lita 30. Unataka miligramu 10 kwa lita: miligramu 300. Basi. Sasa mtego: mtu huyo figo zimekufa, dozi ya kuanzia inabadilikaje? Ikiwa ujazo wa kusambaa haujabadilika, haibadiliki. Inayopunguzwa, au kuachanishwa masaa, ni dozi ya kuendelezea, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotegemea kasi ya mwili kuitoa dawa. Ukiielewa sentensi hiyo, sura nzima ya hesabu umeimaliza. Usiende zaidi.

Hatua ya 5: Mikia ya majina, na wanaokudanganya

Mtihani umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mikia soma kama inavyoonekana kwenye pakiti. Zinazoishia na -pril na -sartan ni ndugu, zote mwiko kwa mjamzito na zote hupandisha potasiamu. Kikohozi kikavu ni cha -pril. Zinazoishia na -olol kaa nazo mbali na pumu, hata zikiwa matone ya macho: timololi ya jichoni ilishawahi kubana kifua cha mtu aliyedhani anatibu presha ya jicho tu.

Mkia wa -azole ndio mwongo wa ukoo. Omeprazole ya asidi ya tumbo, fluconazole ya fangasi, metronidazole ya amiba na bakteria wasiohitaji hewa, albendazole ya minyoo, carbimazole ya tezi la shingo. Ukiona -azole soma kipande kilicho mbele yake kwanza.

Hatua ya 6: Ratiba ya kurudia

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha namna usahaulifu unavyoporomoka haraka siku za mwanzo kisha ukapungua kasi. Kwa hiyo kadi ya leo irudi kesho, kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na sita, na mwezi ukitimia. Uliyoikosa inarudi mwanzo. Programu ya Anki itakupangia yenyewe kwenye simu, lakini mimi nilitumia bahasha tano za kaki na kalenda ya ukutani.

Kurudia maana yake ni kujiuliza, si kusoma tena. Funika, sema jibu kwa sauti, fungua. Kwenye daladala ya kwenda Pongwe nilikuwa nanong'ona peke yangu mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa. Dakika 40 kwenda, 40 kurudi, kadi 60. Kusoma tena kurasa zilizopakwa rangi kunakupa raha ya kutambua maneno, na raha hiyo ndiyo iliyonipeleka nikaanguka.

Hatua ya 7: Mgonjwa mmoja kwa siku wodini

Ukiwa kwenye mafunzo ya vitendo, chagua karatasi ya dawa ya mgonjwa mmoja kila siku. Jina lake liache wodini. Andika tu umri, ugonjwa, figo, mimba na dawa zake, kisha tafuta dawa moja ambayo ungeiondoa au kuibadilisha, halafu mpelekee mfamasia hoja yako. Wafamasia wanajua kuliko tunavyowapa heshima, na wakikukosoa kosa halirudi tena.

Wodi ya wazazi ni darasa tosha. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba: kabla ya kila dozi inayofuata, goti liruke likigongwa na nyundo, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Goti hupotea kwanza, kabla ya pumzi, ndiyo maana tunaligonga. Mkojo ukipungua dawa inarundikana, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa. Pumzi zikizama, simamisha, saidia kupumua, na choma kalsiamu glukoneti gramu 1 taratibu kwenye mshipa. Muuguzi mmoja mtu mzima alinifundisha haya kwa dakika tano huku akifunga bendeji. Kitabuni yalinichukua siku mbili.

Hatua ya 8: Maswali ya mazoezi, na ya kwao si ya kwetu

Benki za maswali za Marekani ni nzuri kwa kuelewa njia za dawa, zitumie. Lakini malaria kwao ni ya msafiri aliyerudi kutoka likizo. Huku kwetu lazima uyajue kwa namba: mseto wa artemetha na lumefantrini kwa mtu mzima ni vidonge 4 mara sita ndani ya siku tatu, vidonge 24 kwa jumla, na ya pili ifuate saa 8 baada ya ya kwanza, umeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa kwa sababu lumefantrini bila mafuta haifyonzwi vizuri. Malaria kali ni artesuneti ya sindano miligramu 2.4 kwa kilo, saa sifuri, 12 na 24. Mtoto chini ya kilo 20 anapewa 3 kwa kilo, zaidi ya mtu mzima na si pungufu, hapo wengi huteleza. Primakwini: uliza G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, maana aliyepungukiwa nacho chembe zake huvunjika. Kwinini: masikio kuvuma, na sukari kushuka kwa kuwa inachochea insulini, kwa hiyo mjamzito aliye kwenye kwinini akipoteza fahamu pima sukari kabla hujaisingizia malaria. Kwinini tuna udugu nayo: Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, juu huko Muheza, mwaka 1902, wakapanda miti ya sinkona, ambayo kwinini hutoka kwenye magome yake, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia za meli walitengeneza kwinini yao hukohuko.

Dozi zote zioanishe na mwongozo wa tiba wa taifa wa toleo la sasa. Desa la kaka yako wa miaka sita iliyopita ni zuri kwa kujua maswali yanavyokaa, dozi usichukue humo.

Kila swali ulilokosa liingie kwenye daftari la makosa, na pembeni andika moja ya sababu tatu: sikujua, nilijua nikasahau, nilisoma swali vibaya. Mimi nilipohesabu makosa 100 ya kwanza, 41 yalikuwa ya tatu. Hapakuwa na haja ya kitabu kipya hapo, nilihitaji kupigia mstari kila neno la mgonjwa kabla ya kutazama majibu.

Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Usifungue sura mpya. Pitia daftari la makosa, na kadi za dawa za kuokoa aliyezidiwa na dawa nyingine: naloksoni kwa morfini, vitamini K kwa warfarini, protamini kwa heparini, asetilisisteini kwa parasetamoli. Usiku wa mwisho kula, oga, lala. Kahawa ya usiku ni tamu, ila nusu uhai wake ni kama saa tano, piga hesabu mwenyewe.

Ukiwa kwenye pepa ukakuta majibu manne ambayo yote yanatibu ule ugonjwa, yaache. Rudi juu kwenye hadithi ya mgonjwa utafute neno lililotupwa pembeni kama halina maana: ana pumu, ananyonyesha, kreatinini (kipimo cha figo) imepanda, anaishi na dawa za kifafa, au "na hununua dawa ya magoti dukani".